Papa Vitani: Julius II na Kisa cha Mirandola, Januari 1511

Tarehe 2 Januari 1511, Papa Julius II aliondoka Bologna kwenda vitani. Alikuwa na umri wa miaka 67. Vuli iliyotangulia homa ilimlaza kitandani hadi watu wakadhani haamki tena, na jongo lilikuwa limemsumbua kwa muda mrefu. Theluji ilikuwa imefunika barabara. Waliokuwa karibu naye walimsihi abaki, na mabalozi wa mataifa waliokuwa mjini walipata shida kuamini habari hiyo: Baba Mtakatifu anakwenda mwenyewe kambini, kiasi cha kilomita 50 kaskazini, kusimamia mizinga inayoupiga ukuta wa mji wa Wakristo.

Mji huo ni Mirandola, mji mdogo wenye ngome imara katika bonde la mto Po, kaskazini mwa Italia. Ulikuwa mikononi mwa mjane, Francesca Trivulzio, aliyekuwa anawatunzia wanawe urithi wa baba yao. Papa aliuteka tarehe 20 Januari. Kabla miezi mitano haijatimia, ukamponyoka. Kisa hiki hukumbukwa zaidi kwa vituko vyake, Papa kwenye theluji, Papa juu ya ngazi, na wengi hukisimulia ili watu wacheke. Mimi nakiona ni kisa kizito. Ndani yake mna swali ambalo Kanisa lilihangaika nalo kwa karne nyingi: je, kiongozi wa dini anahitaji ardhi na jeshi ili asiwe mateka wa wafalme? Julius alijibu kwamba anahitaji, na jibu hilo akalipigania kwa mwili wake mwenyewe. Naamini alikosea. Lakini si haki kumhukumu kabla ya kuelewa alichokuwa anakiogopa.

Kutoka Savona hadi kiti cha Petro

Jina lake la kuzaliwa ni Giuliano della Rovere. Alizaliwa tarehe 5 Desemba 1443 huko Albisola, karibu na Savona, katika familia isiyo na mali ya kutajika. Aliinuka kwa mkono wa ami yake Francesco, Mfransisko msomi aliyechaguliwa kuwa Papa Sixtus IV mwaka 1471. Mwaka huohuo Giuliano akafanywa kardinali, akapewa kanisa la San Pietro in Vincoli. Miaka mitatu baadaye ami yake alimtuma Umbria na jeshi kwenda kuirudisha kwenye utii miji iliyokuwa na machafuko. Kwa hiyo hakuanza mambo ya vita uzeeni. Alikuwa kijana wa miaka 30 alipoamuru askari kwa mara ya kwanza.

Alipewa pia jimbo la Avignon, kusini mwa Ufaransa, na akaishi huko kwa vipindi. Nadhani jambo hili halipewi uzito unaostahili. Avignon ndiko walikokaa mapapa tangu 1309 hadi 1377, chini ya kivuli cha wafalme wa Ufaransa. Giuliano alilitembelea jumba lile kubwa la mapapa, akalala katika mji ambao kila jiwe lake lilieleza yanayompata Papa asiye na pa kukaa kwa uhuru. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake asingeona ardhi ya Kanisa kuwa ni suala la fahari tu.

Mwaka 1492 mpinzani wake mkubwa, Rodrigo Borgia, alichaguliwa kuwa Papa Alexander VI. Giuliano alijificha kwanza katika ngome yake ya Ostia, kisha mwaka 1494 akakimbilia Ufaransa. Huko alifanya jambo lililomfuata maisha yake yote: alimhimiza Mfalme Charles VIII avuke milima ya Alps na kuivamia Italia. Mfalme akaja kweli na jeshi lake. Tangu mwaka huo Italia haikupumua. Wafaransa, Wahispania, Wajerumani na Waswisi wakaigeuza uwanja wao wa mapambano. Yule ambaye miaka 16 baadaye angeapa kuwafukuza wageni ndiye aliyekuwa amesaidia kuwafungulia mlango.

Alexander alifariki Agosti 1503. Aliyemfuata, Pius III, aliishi chini ya mwezi mmoja tangu achaguliwe. Kisha Giuliano akachaguliwa katika uchaguzi uliokwisha ndani ya saa chache, baada ya kuwaahidi mengi makardinali wengi, na hata Cesare Borgia, mwana wa Alexander, aliyekuwa na kura za makardinali wa Hispania mkononi. Cesare aliahidiwa kubaki na cheo chake. Muda si mrefu akajikuta kifungoni. Na Januari 1505 Papa huyohuyo alitoa hati inayobatilisha uchaguzi wowote wa Papa uliopatikana kwa rushwa. Alijua vizuri ugonjwa aliokuwa anautibu.

Basi akaanza kazi. Alitaka kurudisha miji yote iliyohesabiwa kuwa mali ya Kanisa lakini ikatawaliwa na koo za wababe. Mwaka 1506 aliongoza msafara yeye mwenyewe, akaingia Perugia mwezi Septemba akiwa na walinzi wachache tu, mbele ya jeshi la Giampaolo Baglioni, bwana wa mji. Machiavelli alikuwepo kama mjumbe wa Firenze, na alistaajabu kwamba Baglioni, aliyeweza kumkamata Papa na makardinali wake wote kwa mkupuo, alinyamaza akauachia mji. Novemba, Bologna nayo ikafunguka. Ushindi ule ulimfundisha Julius somo moja baya: kwamba akifika yeye mwenyewe, malango hufunguka. Mirandola ni matokeo ya somo hilo.

Chumvi, mkwe wa Borgia na barabara ya Milano

Tunafikaje kwenye theluji ya 1511? Mwaka 1509 Julius alikuwa mshirika wa Ufaransa dhidi ya Venezia, iliyokuwa imenyakua miji ya Kanisa katika Romagna. Venezia ilipopigwa vibaya huko Agnadello, tarehe 14 Mei 1509, Papa alipata alichokitaka, na papo hapo akaona hatari mpya: Mfalme Louis XII wa Ufaransa, aliyekuwa tayari ameshika Milano, sasa hana wa kumzuia. Februari 1510 Papa akawasamehe Wavenezia, akageuza silaha upande wa pili.

Alfonso d'Este, mtawala wa Ferrara, hakugeuka naye. Alikuwa chini ya Papa kisheria, lakini alibaki na Wafaransa. Alikuwa pia amemwoa Lucrezia, binti wa Alexander VI. Tena palikuwa na ugomvi wa chumvi. Papa alikuwa na mashamba ya chumvi Cervia, yaliyompa mapato mazuri. Alfonso naye akawa anatengeneza chumvi Comacchio na kuiuza kwa bei ya chini. Wanaosoma vita hivi kama ugomvi wa heshima peke yake wanasahau kwamba katika zama hizo chumvi ilikuwa fedha, na fedha ndiyo iliyowalipa askari wa kukodiwa. Agosti 1510 Julius alimtenga Alfonso na Kanisa.

Hapa ndipo Mirandola inapoingia. Jeshi la Papa lilikuwa limeshachukua Modena. Mirandola iko kaskazini mwa Modena na magharibi mwa Ferrara, mahali ambapo msaada wa Wafaransa kutoka Milano ungepita kwenda kwa Alfonso. Mwenye kuishika angeweza kuibana Ferrara kutoka nyuma. Bwana wa mji, Ludovico Pico, alikuwa ameuawa vitani mwaka 1509. Mjane wake Francesca alikuwa binti wa Gian Giacomo Trivulzio, Mwitaliano aliyepanda hadi kuwa jemadari wa mfalme wa Ufaransa, kwa hiyo hapakuwa na shaka ngome ile imeegemea wapi. Lakini palikuwa na mdai mwingine: Gianfrancesco Pico, kaka wa marehemu, mwanafalsafa na mpwa wa yule Giovanni Pico mashuhuri. Alikuwa amefukuzwa na ndugu zake miaka iliyopita. Papa alimwahidi kumrudishia mji. Nayataja haya ili ieleweke kwamba Julius hakwenda pale kama mnyang'anyi. Alikuwa na sababu za kivita na hoja ya kisheria. Tatizo liko kwingine.

Wiki tatu za baridi

Jeshi la Papa liliongozwa na mpwa wake, Francesco Maria della Rovere, mtawala wa Urbino. Kijiji cha Concordia kilichukuliwa Desemba, kisha Mirandola ikazingirwa. Kazi ikasuasua. Mizinga ilichelewa, chakula kilipungua, makamanda walikuwa hawaelewani, na huko Bologna Papa alikuwa akipokea visingizio kila siku. Alianza kushuku kwamba maofisa wake wanavuta muda kwa makusudi. Mpwa wake na kardinali wake kipenzi, Francesco Alidosi, walichukiana waziwazi, na kila mmoja alimlaumu mwenzake. Ndipo akaamua kwenda.

Ninapouchambua uamuzi huu najiuliza: alikuwa na njia nyingine? Alikuwa nazo. Angeweza kungoja majira ya kuchipua, kama majeshi mengi ya wakati huo yalivyofanya. Angeweza kubadilisha kamanda. Angeweza kumpa mamlaka kamili mjumbe wake mmoja na kumaliza ugomvi wa juu. Lakini njia hizo zote zilidai amwamini mtu mwingine, na Julius tangu ujana hakuwa na tabia hiyo. Katika udhaifu wake wote huu naona ndio uliomgharimu zaidi, kuliko hata hasira zake zilizojulikana kote.

Wafaransa walisimulia kwamba alikaribia kukamatwa njiani. Bayard, shujaa wao, aliweka mtego karibu na San Felice. Papa alipotoka asubuhi, theluji ilianza kuanguka kwa wingi hata akalazimika kurudi, na wapanda farasi wa Bayard wakamkuta anaingia ngomeni. Wanasema aliruka kutoka kwenye machela yake, akasaidia kwa mikono yake mwenyewe kuvuta daraja la lango. Simulizi hii imetoka kwa mtu wa Bayard, aliyekuwa na kila sababu ya kuipamba, lakini haipingani na tunayoyajua kuhusu mzee huyu.

Alipofika kambini hali ilibadilika. Mabalozi wa Venezia waliandika wakishangaa. Alikuwa akipanda farasi kwenye theluji, amevaa mavazi mazito juu ya joho, akikagua mahali mizinga ilipowekwa, akiwakaripia makapteni mbele ya askari wao na kuwatia moyo askari wenyewe. Ndevu zilikuwa zimejaa usoni. Hilo peke yake lilishtua, kwa kuwa makasisi wa Kanisa la Roma walitakiwa kunyoa, na miaka mingi ilikuwa imepita bila Roma kumwona Papa mwenye ndevu. Alikuwa ameziacha tangu ugonjwa wa Bologna, akaweka nadhiri kwamba hatazinyoa mpaka Wafaransa watoke Italia. Hizo ndizo ndevu tunazoziona katika picha aliyochorwa na Raphael, ambayo sasa iko London: mzee ameinamisha kichwa, amekishika kiti kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mkono wa pili, macho yanaangalia chini. Wengi huiita picha ya mtu mwenye tafakuri. Mimi naona mtu aliyechoka na ambaye bado hajakubali.

Alilala karibu mno na ukuta. Siku moja risasi ya mzinga kutoka ndani ya mji iliingia katika nyumba aliyofikia na kuwaua watu wawili jikoni mwake. Akahamishwa, lakini haikupita muda akarudi karibu na mstari wa mbele. Risasi aliyonusurika nayo aliitoa kwa Bikira Maria wa Loreto kama shukrani. Kuhusu wale wawili waliokuwa wakimpikia hatujaachiwa hata majina. Nikiwaza kisa hiki huwa narudi kwao. Walikuwa watumishi wa nyumba ya Papa, si askari, na walikufa kwa sababu bwana wao aliona ni lazima awe mita chache kutoka kwenye mizinga.

Baridi ndiyo iliyomaliza kazi. Handaki la maji lililouzunguka mji liliganda, na kinga kubwa ya Mirandola ikawa njia ya kupita. Mizinga ikabomoa sehemu ya ukuta. Walinzi, chini ya Alessandro Trivulzio, waliona kwamba Wafaransa walioahidi kuja hawaji, wakasalimu amri. Masharti yalikuwa haya: maisha ya watu yasiguswe, Alessandro na baadhi ya maofisa wabaki mateka, na wakazi watoe fedha ili askari, walioahidiwa kupora, wasiingie kupora. Francesca aliruhusiwa kuondoka na watoto wake. Kwa kipimo cha vita vya wakati ule, huu ulikuwa mwisho wa huruma, na Julius anastahili sifa kwa hilo. Mwaka uliofuata Wafaransa waliiteka Brescia, na kilichowapata wakazi wa huko kilikuwa kinyume kabisa.

Malango yalikuwa yamezibwa kwa udongo kutoka ndani na yangechukua muda kufunguliwa. Papa hakutaka kungoja. Akapanda ngazi iliyoegemezwa kwenye ukuta uliobomoka, akaingia mjini kwa njia hiyo. Akamkabidhi Gianfrancesco mji wake.

Guicciardini, mwanahistoria wa Firenze aliyeishi nyakati hizo na baadaye akalitumikia Kanisa katika utawala, aliandika juu ya tukio hili kwa mshangao uliojaa uchungu. Anamweka mfalme wa Ufaransa upande mmoja, mtu wa dunia aliyelelewa na silaha, aliyetulia nyumbani akiwaachia makapteni wake vita. Na upande wa pili kuhani mkuu, mwakilishi wa Kristo, mzee na mgonjwa, aliyekuja mwenyewe kwenye vita alivyovianzisha dhidi ya Wakristo. Anasema kwamba cha upapa hakikubaki kwake ila vazi na jina. Guicciardini hakuwa adui wa Roma. Hukumu yake inaumiza kwa sababu ilitoka ndani.

Kilichofuata

Mirandola haikufungua njia ya Ferrara. Jeshi lilichoka, Papa akarudi nyuma, na mizinga ya Alfonso, iliyosifika kuliko yote Italia, ikaendelea kuulinda mji wake. Mei 1511 Wafaransa chini ya Gian Giacomo Trivulzio, baba yake Francesca, waliisogelea Bologna. Alidosi, aliyeachiwa mji, alikimbia. Wana wa Bentivoglio, ukoo uliofukuzwa mwaka 1506, wakarudi. Tarehe 24 Mei, huko Ravenna, mpwa wa Papa alimkuta Alidosi barabarani na kumuua kwa mkono wake. Ugomvi ambao Julius alidhani ameuzima kwa kwenda kambini ulikuwa umeendelea kuungua muda wote. Ndani ya wiki chache Trivulzio aliirudisha Mirandola kwa binti yake.

Bologna walikuwa na sanamu kubwa ya shaba ya Papa, kazi ya Michelangelo, iliyowekwa mwaka 1508 juu ya mlango wa kanisa la San Petronio. Inasimuliwa kwamba msanii alimuuliza Papa kama amwekee kitabu mkononi, naye akajibu awekewe upanga kwa kuwa yeye si mtu wa kusoma. Desemba 1511 watu waliiangusha. Shaba ikapelekwa kwa Alfonso, naye akatengenezea mzinga akauita La Giulia. Kazi ya Michelangelo ya zaidi ya mwaka mzima ikaishia hapo.

Ukoo wa Pico nao haukutulia. Gianfrancesco alifaulu baadaye kurudi tena Mirandola, akaishi akiandika falsafa na theolojia huku pande mbili za familia zikiviziana. Mwaka 1533 aliuawa usiku, pamoja na mwanawe. Aliyewaua ni Galeotto, mwana wa Francesca, aliyekuwa mtoto mdogo sana siku mama yake alipotolewa mjini kwa amri ya Papa.

Wanaomtetea wana hoja

Sitaki kupita haraka hapa, kwa kuwa mara nyingi Julius hulaumiwa na watu wasiotaka kusikia upande wake. Agosti 1511 alikuwa mahututi, na makardinali kadhaa, kwa msaada wa mfalme wa Ufaransa, walikuwa wameitisha mtaguso, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, huko Pisa ili kumshughulikia. Alipona, akaunda Ligi Takatifu pamoja na Hispania na Venezia, na mtaguso wake mwenyewe, aliokwisha kuuitisha Laterano, Roma, ukafunguliwa Mei 1512. Tarehe 11 Aprili 1512, siku ya Pasaka, ligi ilishindwa vibaya huko Ravenna, maelfu wakafa, lakini kamanda wa Wafaransa Gaston de Foix naye aliuawa. Waswisi walipoteremka kutoka milimani kwa wito wa Papa, Wafaransa waliondoka Milano. Bologna ikarudi. Parma na Piacenza zikaongezwa. Julius alipofariki, usiku wa kuamkia tarehe 21 Februari 1513, umati wa Roma ulilia, ukagombea kumbusu miguu. Aliwakuta na Dola la Papa lililovunjika vipande, akawaachia lenye mipaka na hazina yenye fedha. Hakuigawa miji kwa jamaa zake kama Alexander alivyofanya, ingawa mpwa wake alipata Urbino na Pesaro.

Na alijenga. Tarehe 18 Aprili 1506 aliweka jiwe la msingi la Kanisa jipya la Mtakatifu Petro, kazi aliyoianza msanifu Bramante. Dari la Kanisa Dogo la Sisto, kazi ya Michelangelo, lilianzwa 1508 na kumalizika 1512, wakati wote huu wa vita. Raphael alikuwa akichora vyumba vya Papa wakati mwenye vyumba yuko kambini. Wanaosema kwamba Mungu alimtumia kwa haya wana haki ya kusema hivyo. Mimi pia nikiutazama mkono ule wa Adamu katika dari la Sisto siwezi kutamani Julius asingekuwepo.

Kwetu sisi wa pwani kuna hati nyingine ya kuiweka mezani. Julai 1505 Francisco de Almeida aliipora Kilwa, na Agosti akaichoma Mombasa. Tarehe 24 Januari 1506 Papa Julius II alithibitisha mkataba wa Tordesillas, ulioigawa dunia nje ya Ulaya kati ya Ureno na Hispania. Siku mbili kabla, Waswisi 150 wa kwanza walikuwa wameingia Roma kuwa walinzi wake. Desemba 1507 Roma ilifanya maandamano na ibada za shukrani kwa habari za ushindi wa Wareno katika Bahari ya Hindi. Papa aliyejua uchungu wa kuona wageni wakitamba katika nchi yake aliidhinisha wageni watambe katika nchi za wengine, na sijaona popote kwamba jambo hilo lilimsumbua.

Gharama

Hoja yangu dhidi ya Julius haihusu ushupavu wake. Inahusu silaha ambayo ni yeye peke yake aliyekuwa nayo. Mwaka 1509 alifungia Venezia sakramenti kwa sababu ya miji. 1510 akaondoa adhabu hiyo kwa sababu ya muungano mpya. Alfonso alitengwa na Kanisa katika mwaka ambao ugomvi ulikuwa wa chumvi na Wafaransa. Mkulima wa Veneto aliyenyimwa misa ya maziko kwa ajili ya miji ya Faenza na Rimini alijifunza nini kuhusu funguo za Petro, yaani mamlaka ya Papa? Adhabu iliyokusudiwa kumrudisha mkosaji kwa Mungu ilikuwa imegeuzwa kifaa cha kubania mipaka. Alipotokea mtu wa kuitupa motoni hadharani hati ya kutishia adhabu hiyo, Martin Luther, Desemba 1520, wengi Ujerumani walikuwa wameshaacha kuiogopa.

Na hapo fedha nazo zina neno. Kanisa jipya la Mtakatifu Petro lilihitaji michango, na Julius alianzisha rehema, yaani msamaha wa adhabu za dhambi kwa waliochangia, kwa ajili ya ujenzi wake. Mrithi wake Leo X aliitumia hazina kwa kasi, kisha akaitangaza rehema hiyo upya, na mahubiri yake Ujerumani ndiyo yaliyoamsha hoja za Luther mwaka 1517. Hata ndoa ya Henry VIII wa Uingereza na Catherine, mjane wa kaka yake, ilipata kibali kwa hati ya Julius ya Desemba 1503, na ni uhalali wa hati hiyo uliobishaniwa hadi Uingereza ikaachana na Roma.

Lakini gharama ya karibu zaidi ilitokana na lengo lake lenyewe, lile la kuwaondoa wageni. Hakuwa na jeshi la kutosha kuwafukuza Wafaransa, kwa hiyo akawaita Wahispania na Waswisi. Ni kuruka majivu kukanyaga moto. Wafaransa walipotoka mwaka 1512, Hispania iliyokwisha kushika Napoli ndiyo iliyobaki na nguvu kusini, na baada ya miaka michache Charles V akarithi Hispania na nchi za ukoo wa Habsburg kwa pamoja, kisha akachaguliwa kuwa Kaisari. Tarehe 6 Mei 1527 askari wa Charles waliuvamia mji wa Roma. Kati ya walinzi wa Kiswisi 189, kikosi alichokiunda Julius, 147 waliuawa, wengi wao mbele ya Kanisa la Mtakatifu Petro, wakati wenzao 42 wakimpitisha Papa Clement VII hadi ngome ya Castel Sant'Angelo. Miaka mitatu isiyotimia baadaye, tarehe 24 Februari 1530, Clement alimvika Charles taji la Kaisari. Sherehe ilifanyika Bologna, mji ambao Julius aliupigania mara mbili, ndani ya San Petronio.